Kwa yaya (ndugu yangu mkubwa) aliyeuliza kama mchaichai unaleta usingizi

Pole sana yaya. Mchaichai kunywa tu, wengi husema unatuliza, lakini kwanza acha ile chai nyeusi ya jioni uliyoitaja: baada ya masaa kama 5 nusu ya kafeini yake bado iko mwilini, unapanda nayo kitandani. Mimi niko hapa Goma, na tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 moyo ulikuwa unanidunda kila usiku. Kilichonisaidia kweli ni pumzi: naivuta kwa hesabu ya 4, naitoa polepole kwa hesabu ya 6, dakika kumi hivi, taa imezimwa. Asubuhi natembea hadi ziwani. Vidonge vya usingizi usinunue kiholela. Na ukisikia homa, usibaki na majani, nenda upimwe malaria siku hiyohiyo.