Re: Timu imekata tamaa baada ya kukosa tageti, stori za wanariadha zinasaidia kweli?

Mkuu, kwa nilivyokuelewa umepewa timu ya mauzo, robo iliyopita mmeanguka vibaya, na bosi kakutumia video za hamasa za wanariadha uwaoneshe vijana. Video achana nazo. Chukua mazoezi yao, hayo ndo hayawekwi kwenye video maana yanaboa.

Mi ujana wangu nilikimbia na kundi huku Arusha, medali sikuona, saivi nasimamia ghala la vinywaji, makuli, madereva, makarani, wote wangu.

Mtu wa nje anadhani wakimbiaji wanajiua kila siku. Wapi! Siku ya spidi mnapiga uwanjani mpaka mtu anatapika, kesho yake mnajogi taratibu mnapiga stori, na ukijifanya una mapafu ukaanza kuvuta kundi kocha anakurudisha nyuma mbele ya wote. Ghalani Desemba tunapakia usiku kucha, Januari wakubwa wanataka mwendo uleule, nikagoma, nikasema Januari ni kuhesabu stoo, fokilifti iende sevisi, watu walale kwao. Chupa za kuvunjika zilipungua sana.

Halafu ile ya Kipchoge, yule Mkenya wa marathoni, Vienna 2019, kamaliza marathoni kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40, kila mtu anaitolea mahubiri. Mi huwa naangalia wale wakimbiaji 41 waliomvutia kasi, yaani waliokimbia mbele na nyuma yake kumsaidia ashike mwendo. Walipokezana kwa zamu, watano mbele wamejipanga kama V, wawili nyuma, hakuna hata mmoja aliyeenda nae mwanzo mwisho, na humo yumo Centrowitz aliyebeba dhahabu ya mita 1500 Rio 2016. Bingwa wa Olimpiki anavuta kipande chake anatoka pembeni anapumua. Sasa angalia timu yako, bila shaka kuna mmoja au wawili ndo wanabeba tageti nzima, na kwa kuwa wanaweza unazidi kuwaongezea.

Tena huyo huyo Kipchoge, kambini kwao Kaptagat, Kenya, alikuwa anasafisha vyoo kwa zamu kama wenzake, na bingwa ashakuwa. Kwangu kazi inayokimbiwa ni kuhesabu kreti tupu zinazorudi, zinanata, zinanuka bia iliyolala, nyuki wa soda wanakufuata mpaka shingoni. Nikajiandika kwenye zamu, bila hotuba. Karani aliyekuwa anaumwa kila ikifika zamu yake kapona, sijui dawa gani.

Kuhusu kuinuka baada ya kupigwa, chukua Simbu wetu, Mtanzania wa marathoni. Mashindano ya dunia kapata shaba London 2017, dhahabu Tokyo 2025, kamzidi Petros wa Ujerumani sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na ushee. Katikati hapo ni miaka 8, Olimpiki ya Tokyo kamaliza wa 7, na asubuhi zake zote za mazoezi ambazo hakuna aliyempokea na ngoma. Kwa hiyo usimwambie kijana wa mauzo akaze roho mpaka robo ijayo, roho haikazwi kwa agizo, mpe kitu kidogo cha kufanya kesho asubuhi na keshokutwa tena.

Na kikao cha lawama kiahirishe. Kocha wetu mbio zikiisha vibaya alikuwa hataki hata kuzisikia siku hiyo, nenda kaoge, kula, lala. Zikipita siku kadhaa ndo anatoa daftari, ulianza kuchoka kilomita ya ngapi, ulilala saa ngapi, maji ulikunywa wapi. Hakuna swali la "kwa nini umetuangusha". Mwite mmoja mmoja, muulize hivyo hivyo, wiki gani wateja walianza kupungua, mteja gani wa kwanza, alisemaje. Wakitaja wote wiki moja, ile mzigo ulikosekana, basi shida sio morali, nenda kapigane na watu wa ghala. Tumezoea.