Uko na mimba na unasikia habari ya chanjo ya VRS? Soma kwanza hii

Kama uko na mimba inaelekea miezi saba, ama mu nyumba yako kuko mutoto mwenye hajafika miezi sita, hii nimeandika ni yako. Benye habako mu hizo mbili basome tu, siku moja itabasaidia.

Niko RECO (mujitoleaji wa afya mwenye anapita nyumba kwa nyumba) hapa Bukavu, Kongo, nazunguka mu manyumba ya commune ya Kadutu na huko juu kwenye hata pikipiki inakataa kupanda, na swali yenye bamama bananiuliza sana siku hizi ni hii: dada, ile chanjo ya kifua ya batoto badogo inafika kwetu lini? Bandugu zao ba Ulaya banabatumia sauti ku WhatsApp, eti kule mama anachomwa shindano akiwa na mimba na mutoto anazaliwa na kinga tayari. Ni kweli, haiko uongo. Ngoja nieleze venye inatumika, kisha niseme nini ya kufanya tukiwa bado tunaingojea.

VRS ni virusi ya kifua yenye karibu kila mutoto anaipata mbele ya kufikisha miaka 2. Wewe mukubwa ikikushika ni mafua tu, unapangusa makamasi unaenda soko. Lakini mutoto wa wiki sita, njia zake za hewa ziko ndogo sana, zinavimba, zinajaa makamasi, sasa anyonye ao apumue? Anashindwa vyote viwili. Kwa mwaka 2019 wataalamu balihesabu vifo karibu 100.000 vya batoto ba chini ya miaka 5 mu dunia nzima, nusu hivi hata miezi 6 habakufika, na 97 kwa mia ya hivyo vifo ni mu ma inchi ya mapato kidogo na ya kati, maana yake kwetu.

Sasa watu banauliza, kama virusi inajulikana zamani, chanjo ilichelewa juu ya nini. Iko na sababu, na mimi naona heri bamama baijue kuliko kubaficha. Virusi yenyewe ilionekana mara ya kwanza mwaka 1956, kwa masokwe ba maabara kule Marekani benye balishikwa na mafua, mwaka wenye ulifuata njo bakaipata kwa batoto. Mu miaka ya 60 bakatengeneza chanjo, bakaua virusi na dawa ya formalini, bakachanja batoto badogo. VRS ilipokuja, kati ya batoto benye balichanjwa na virusi ikabashika, 80 kwa mia balilazwa hospitali. Benye habakuchanjwa nayo, 5 kwa mia tu. Batoto babili balikufa. Na hiyo yote ilipitikia Marekani, batoto ba Bamarekani, nasema hivyo juu kuko papa moja wa avenue yetu kila tukikutana ananiambia chanjo zote banajaribia kwa Bafrika kwanza.

Kisha hapo watu baliogopa miaka mingi, na balikuwa na haki ya kuogopa. Jibu ilipatikana polepole. Ile virusi iko na protini moja banaita F, njo yenye inatumia kuingia mu seli. Iko sawa na mutego wa panya: mbele ya kuingia imetegwa, imekazwa, ikishaingia inafyatuka inabadilika sura. Chanjo ya zamani ilikuwa inaonyesha mwili mutego wenye umekwisha kufyatuka, sasa mwili unajifunza adui mwenye sura haiko yake tena. Mwaka 2013 wataalamu Jason McLellan, Barney Graham na Peter Kwong balionyesha ile sura ya mbele, bakapata na namna ya kuifunga isifyatuke. Kutoka hapo njia ikafunguka. (Hata chanjo za Covid zilifaidika na hiyo akili, ni watu ba kikundi ile ile.)

Lakini usifikiri ilikuwa mteremko. Kampuni Novavax balijaribu chanjo yao kwa bamama ba mimba, 2019 matokeo haikufikia kile balitafuta. Kampuni ingine, GSK, nao balisimamisha yao 2022 juu baliona batoto benye banazaliwa mbele ya wakati ni bengi zaidi kwa bamama benye balichanjwa. Mimi hiyo ya GSK inanipa imani kuliko matangazo yote, balikuwa bamekwisha kula pesa mingi na balisimama. Yenye ilipita ni ya kampuni Pfizer, jina yake Abrysvo, Marekani baliikubali mwezi wa nane 2023. Ilijaribiwa kwa bamama zaidi ya 7.000 mu ma inchi 18, na Afrika Kusini na Gambia ndani. Kwa siku 90 za kwanza ilipunguza ugonjwa mukali wa VRS kwa mutoto karibu 82 kwa mia, ukihesabu mupaka miezi 6 ni kama 69 kwa mia.

Juu ya nini mama na si mutoto? Kwa sababu mutoto wa mwezi moja, ukimuchanja yeye, mwili wake unakawia kujifunza na virusi haimungojei. Mama akichanjwa, askari ba mwili wake banapita ku kondo, mutoto anazaliwa nabo. Haiko kitu ya ajabu, VAT (chanjo ya tetanosi) yenye tunachomwa ku CPN, pale bamama ba mimba banapimwa, inafanya kazi vile vile, inakinga mutoto na tetanosi.

Na hapa njo kuko neno yangu kubwa: hii chanjo inaenda na wiki. OMS (shirika ya afya ya dunia) inasema mu miezi tatu ya mwisho, kuanzia wiki 28. Marekani banachanja kati ya wiki 32 na 36. Na inaomba kama wiki mbili mbele ya kuzaa ili askari bapate muda wa kupita. Sasa mama mwenye anaanza CPN na mimba ya miezi nane, hajui tarehe ya mwisho aliona damu, fishi yake imelowa mvua ao imebaki kwa mama mukwe, huyo hata kama chanjo imefika mu frigo ya kituo, munganga atamuhesabia je wiki? Anza CPN mapema, ile tarehe andika ku telefone, piga fishi foto. Hiyo unaweza kufanya leo na hailipishwi.

Kwetu ninapoandika hii bado haijaingia mu PEV, programu ya chanjo ya serikali. OMS iliipa cheti mwezi wa tatu 2025, maana yake mashirika kama UNICEF banaweza kuinunua, lakini kati ya cheti na Kadutu kuko safari. Bei ya Marekani mwaka 2023 ilikuwa dolari 295 shindano moja. Kuko na ingine yenye banachoma mutoto mwenyewe, nirsevimab, ile inamupa askari tayari, ni muzuri sana kwa batoto benye banazaliwa mbele ya wakati, bei ya kule mwaka 2023 ilikuwa dolari 495. Kwa hiyo mtu wa farmasia akikuambia iko nayo kwa bei ya huruma, uliza imetoka wapi na ililala mu frigo gani, juu inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8 na umeme yetu munaijua. Mimi singenunua.

Tukingojea, jifunze kuhesabu pumzi. Mutoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi, pandisha kanzu yake, washa tochi ya telefone kama hakuna mwanga, weka kronometre dakika moja kamili (si nusu ukazidisha, batoto badogo pumzi yao inapotea inarudi). Tumbo ikipanda ni moja. Chini ya miezi 2, ikifika 60 ao kupita, enda kituo. Kutoka miezi 2 mupaka 12, ni 50. Halafu angalia pale chini ya mbavu: akivuta hewa na pale panaingia ndani, ao anashindwa kunyonya, ao anaguna kila pumzi, ao midomo inakuwa bluu, usihesabu tena, toka. Na wa chini ya miezi 2 mwenye iko na homa, enda tu hata kama anacheka.

Antibiotiki ya kununua barabarani haiui virusi. Kukata kilimi pia haisaidii kifua hata kidogo, inamuongezea tu kidonda na damu, najua bakoko batanikasirikia. Mbabula ya makala itoe inje. Mutoto wa masomo mwenye iko na mafua asimubusu mudogo wake. Kule Virunga mutalii anavaa maski juu asiambukize gorila, lakini kwetu mutu anatoka kukohoa anapokea mutoto wa wiki mbili mu mikono, tunasema ni heshima.

Chanjo za mutoto, Penta na PCV13, za wiki 6, 10 na 14 usiziache eti unangojea ya VRS, zile zinakinga na kifaduro na mikrobe zingine za mapafu, ni kazi tofauti.

Na kitu ya mwisho, mbele ya kuzaa uliza IT (munganga mukubwa) wa kituo yako: oksijeni iko? Umeme ikikatika usiku munafanya je? Kama jibu ni hapana, akuambie ni hospitali gani ya karibu iko nayo, kisha tafuta motari moja wa pikipiki mwenye anakubali kutoka saa nane ya usiku, namba yake uweke ku telefone yako na ku ya bwana pia.