Kawa Juu ya Sahani: kwa anayeandika filamu yake ya kwanza kuhusu unga

Wengi wanaoanza kuandika filamu fupi kuhusu unga, yaani heroini, huanzia kwenye sindano. Ukurasa wa kwanza kijana kajikunyata gofuni, mkono umefungwa mpira, moshi kidogo, muziki wa huzuni. Filamu ikianza hapo imeshakosa pa kwenda. Mtazamaji wa Mwembetanga au wa Wete, huku kwetu Zanzibar, anamjua huyo kijana njiani na ameshazoea kumkwepa, nawe utamsaidia kumkwepa kwa mara nyingine. Anzia ndani ya nyumba, kwenye kitu ambacho kila siku kina kazi yake.

Chukua kawa, kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili. Mama amepakua wali na mchuzi wa pweza, amemfunikia mwanawe, ameiweka sahani pembeni ya mkeka. Mara ya kwanza kawa lionekane likifanya kazi yake ya kuzuia nzi, basi, wala kamera isilisogelee. Mara ya pili ni asubuhi. Mama analifunua, wali umekauka juu na sisimizi wameshapanda. Mara ya tatu mlango umetiwa komeo, na aliyelitia ni mama mwenyewe, lakini sahani ipo nje barazani, imefunikwa, na juu ya kawa kuna jiwe ili paka wasilipindue. Hapo mtazamaji anaona mambo mawili kwa wakati mmoja: mama amemfungia mwanawe nje, na amemwekea chakula. Usimpe mama neno la kusema. Jiwe linatosha.

Hiyo ndiyo kanuni ya ishara tunayoiamini kuliko zote. Kitu kiwe na kazi kabla hakijawa na maana, kionekane si chini ya mara 3, na kila kinaporudi kiwe kimebadilika jambo moja tu. Katika The Lost Weekend, filamu ya Marekani ya mwaka 1945 kuhusu mlevi, bilauri yenye maji chini inaacha duara juu ya kaunta. Maduara yanaongezeka, na mtazamaji anahesabu vinywaji bila kuambiwa idadi. Duara ni maji tu, na kila anayekunywa huyaacha. Ndiyo maana linaaminika. Ndege kizimbani, mshumaa unaozimika, kioo kilichopasuka, jahazi linalokwenda zake jua likizama: hivyo vyote vinaingia kwenye filamu vikiwa vimeshabeba maana kutoka kwingine, na jahazi lile watalii wameshalimaliza kwenye kadi zao.

Sasa mambo ya mikono. Mvuke wa wali hauonekani kwenye kamera mpaka mwanga utoke nyuma ya sahani na nyuma zaidi kuwe na giza. Ukiwasha taa mbele, mvuke unapotea kabisa. Wali hupoa kwa dakika chache, kwa hiyo pikeni kilo 2, sufuria ikae juu ya mkaa karibu na hapo, mpakue upya kila mnaporudia. Nunua makawa mawili ya ukili yanayofanana na moja ulianike juani mapema lichujuke rangi, maana hadithi yako inakwenda miezi kadhaa na kawa jipya katika onyesho la mwisho litakuumbua. Kabla hakijasogezwa kitu, piga picha kwa simu: jiwe lilikaa upande gani, sahani ilikuwa umbali gani na mlango.

Nyumba ya mraibu hupungua. Huanza redio, halafu feni, mtungi wa gesi, mwishowe mbuzi ya kukunia nazi. Wapya huonesha hili kwa macho tu: nafasi tupu ukutani, waya unaning'inia. Lakini njia yenye nguvu zaidi ni masikio. Redio ikiondoka, nyumba haina taarab wala Kurani ya asubuhi. Feni ikiondoka, ule mvumo uliokuwa chini ya kila mazungumzo unakatika na mbu wanaanza kusikika. Mtazamaji hatajua kwa nini chumba kimekuwa kizito, ila atakihisi. Ili mhariri aweze kufanya hivyo, wakati wa mazungumzo zimeni feni na friji, kisha rekodini kila chumba kikiwa kimya dakika 1, na chumba hichohicho feni ikizunguka dakika 1 nyingine. Wasiofanya hivi hukuta feni iko ndani ya sauti ya mama na haitoki tena. Jihadharini na adhana pia. Ikiingia katikati ya maneno, simamisheni, msubiri iishe, muanze upya, kwa sababu ukikata sentensi mbili zenye adhana nyuma yake, adhana nayo itaruka, na hapa kwetu kila sikio litagundua.

Pindo la kanga ni ishara nyingine inayoandikika yenyewe. Mwanzo mama anafungua fundo mbele ya kijana na kumtuma dukani. Baadaye anageuka ukuta kulifungua. Mwisho ndani ya fundo hamna pesa, mna ufunguo. Angalia tu maandishi ya kanga. Watu watayasoma, na ukichagua yanayohubiri umeweka bango kifuani mwa mama. Chagua ya mapenzi au ya umbea, au ikunje yasisomeke.

Bahari nayo inafaa, ukiitumia kwa saa zake badala ya uzuri wake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6. Arosto ya unga, yaani maumivu ya kuukosa, huanza kama saa 6 hadi 12 baada ya mara ya mwisho kutumia. Kijana akikaa Malindi ya mjini Unguja anaangalia maji, saa anayo mbele yake. Siku nzima yake inapimwa na kitu kinachorudi. Kwa upigaji picha kumbuka kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukipiga leo saa 4 asubuhi maji yakiwa yamepwa, kesho hali ileile utaipata karibu saa 5. Na usichanganye siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, ndani ya onyesho moja, kwani bamvu hufichua mchanga na mawe ambayo wiki ya pili yake hayaonekani.

Mwili wa mraibu ndipo waigizaji wachanga wanapoharibu. Hutoa povu, hutetemeka kama wenye kifafa. Arosto ya unga siyo hiyo. Huanza kwa miayo, machozi na mafua, vinyweleo vinasimama, jasho la baridi. Halafu tumbo linasokota, kuharisha, kutapika, mifupa inauma, miguu haitulii. Hufikia kilele kati ya siku ya 1 na ya 3, na maumivu ya mwili hupungua ndani ya wiki hivi. Mwambie mwigizaji apige miayo 4 katika onyesho ambalo hakuna anayemsemesha, na ajifunike shuka mchana wa joto. Watakaoelewa wataelewa mara moja. Aliyetumia naye haanguki: anasinzia wima, anainama taratibu, anajikuna pua. Na macho. Unga huifanya mboni ndogo kama ncha ya pini, arosto huipanua. Mwigizaji hawezi kuiga hilo, lakini mwanga unaweza. Kwa picha ya karibu ya kijana aliyetumia, weka taa kali upande wa uso. Kwa arosto, punguza mwanga mpaka mboni ifunguke yenyewe.

Tukija kwenye upendo, makosa huwa mawili. La kwanza ni kuuweka mwishoni kama dawa, kijana analia mapajani mwa mama, muziki unapanda, filamu imeisha. La pili ni kuunyima kabisa kwa kudhani ukali ndio ukweli. Katika filamu ya dakika 15, nyakati 3 zenye joto la utu zinatosha, kila mmoja chini ya dakika, na wa kwanza uje kabla ya dakika ya 3, ili mtazamaji awe na cha kupoteza. Kila wakati huo umgharimu mtoaji kitu. Muuza kahawa anayemmiminia kikombe kabla hajaombwa, huku wateja wengine barazani wanasogea pembeni, amepoteza wateja. Anayempa neno zuri tu hajatoa chochote.

Mraibu naye atoe. Tunalisisitiza sana, kwa sababu hapa ndipo filamu nyingi zenye nia njema zinapomgeuza mtu kuwa ombaomba. Abebe ndoo ya maji ya bibi jirani, amfungie mdogo wake kamba ya kiatu kwa vidole vinavyotetemeka. Hata maskani, wanakokusanyika watumiaji, kuna utu, na ni utu mchungu: mwenye kete moja, kipakiti cha unga, anamgawia nusu mwenziwe aliyeshikwa na arosto. Ni huruma ya kweli, na ndiyo inayomrudisha mwenziwe kwenye unga. Usimhukumu kwa muziki. Acha kimya.

Mazungumzo yawe madogo. Mama asiseme "mwanangu, acha unga." Amuulize, "Ushakula?" Kijana ajibu, "Nishakula." Swali hilo na uongo huo, vikirudi mara tatu, vinabeba nyumba nzima.

Kuhusu watu halisi, andiko la filamu lipite BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, kabla ya kamera kutoka, sheha wa eneo aambiwe mapema, na maskani za kweli zisipigwe picha kwa kuvizia. Visiwa vidogo hivi, mgongo tu wa mtu unamtambulisha. Ukiwashirikisha walio kwenye nyumba za upataji nafuu, wanakoishi wanaoacha unga, usiwashikishe kijiko, karatasi ya foili wala sindano, hata bandia. Vitu hivyo huamsha hamu ya kutumia. Kwa sababu hiyohiyo, na kwa ajili ya watazamaji walio kwenye nafuu, usioneshe namna ya kuandaa dawa. Mlango unafungwa, sisi tunabaki na mama ukumbini.

Methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya unga, ukiitaja, itaje ilivyo. Kidongo Chekundu, mjini Unguja, huduma hiyo ipo tangu 2015, na mtu huenda kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Ni foleni ya asubuhi inayojirudia, na foleni hiyo ni picha nzuri kuliko kumbatio lolote.

Filamu ikishahaririwa, ioneshe kwanza kwa watu 5 au 6: walio kwenye nafuu, na mama mmoja aliyepitia. Zima sauti mara moja, kisha washa. Usitazame skrini, watazame wao. Pale wanapoangalia chini, andika dakika na sekunde. Kama ni kwenye jiwe juu ya kawa, paache. Kama ni kwenye sindano uliyosema utaipitisha haraka tu, ikate.