Futa hilo tangazo kabla hujalirusha kwenye magrupu

Mkuu, lifute kwanza, mengine utasoma baadaye.

Kwa mnaoingia sasa: jamaa anasoma uzamili hapa Dar, anataka kuonyesha kwamba dawa za saikedeliki, yaani zinazobadilisha fahamu (uyoga wenye silosibini, LSD, ayahuaska), huwageuza wasioamini kuwa waumini. Ameuliza atumie programu gani ya takwimu, sampuli iwe ya watu wangapi, iboga (mmea wa Gabon wenye athari kama hizo) aiweke au aiache, na tangazo lake limekaaje. Tangazo linaanza hivi: "Je, umewahi kukutana na Mungu baada ya kutumia uyoga?"

Ada yako inateketea hapo hapo kwenye alama ya kuuliza.

Najua wazo hilo umelitoa wapi. Mwaka 2019 watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la PLOS ONE dodoso la mtandaoni la watu 4,285. Kati yao 3,476 walikuwa wametumia saikedeliki na 809 hawakutumia chochote. Zaidi ya theluthi mbili ya waliojiita wakanamungu kabla ya tukio hawakujiita hivyo baadaye. Wale mabwana wa klipu za dakika tatu wakaishia hapo, wakaweka muziki wa kinanda, wakatangaza kwamba uyoga unaleta watu kwa Mungu. Wahubiri wakazirusha. Wapinga dini nao wakazirusha hizo hizo, eti ni ushahidi kwamba Mungu ni kemikali tu. Wote hao wametupotezea muda, na hakuna hata mmoja aliyefungua aya ya mbinu za utafiti. Makala yenyewe inasomwa bure, hata bando la mia tano linatosha!

Wangeifungua wangeona kwamba walioitwa kujaza dodoso ni watu waliokwisha kupata tukio la kukutana na Mungu au kitu cha namna hiyo. Mkanamungu aliyekula uyoga, akaona rangi, akalala, akaamka mkanamungu vile vile, hakuitwa. Ni sawa na kusimama Feri ukahesabu wanaoshuka kwenye pantoni, kisha ukaandika kwamba wakazi wote wa Kigamboni huvuka kwa pantoni. Waliopita darajani utawaonea wapi?

Kasoro ya pili: "kabla" na "baada" zote ziliulizwa siku moja, mara nyingi miaka mingi baada ya tukio. Aliyebadilika ana kawaida ya kuukoleza ukafiri wake wa zamani, msikilize yeyote anayetoa ushuhuda. Na kuacha kujiita mkanamungu hakumfikishi mtu msikitini wala kanisani. Katika kundi la saikedeliki, asilimia 55 walichagua kukiita walichokutana nacho "Uhalisia wa Juu Kabisa". Waliochagua "Mungu" au mjumbe wake kwa wingi ni wale wasiotumia dawa, asilimia 59.

Baadaye watafiti wa chuo hicho hicho waliwafuatilia watu waliokuwa wanapanga kutumia silosibini, wakawapima imani kabla na baada. Hali ya kuamini au kutoamini haikubadilika. Kilichopanda ni tabia ya kuviona vitu vingine kuwa vina akili au fahamu. Utafiti huo klipu yake hutaiona.

Kwa hiyo kanuni ni moja: imani ipimwe kabla, na tangazo lisitaje jibu. Andika "Tunatafuta watu wa miaka 18 na zaidi kwa utafiti kuhusu mitazamo ya maisha", basi.

Usidhani MEQ30, dodoso la kupima tukio la kiroho, itakuokoa. Ina maswali 30, kila moja alama 0 hadi 5, katika mafungu manne ya maswali 15, 6, 6 na 3. Tukio huitwa "kamili" mtu akifikisha asilimia 60 katika kila fungu, yaani alama 45, 18, 18 na 9. Akipata 70, 28, 27 na 8, hajafikisha, hata jumla ing'ae vipi. Wengi hujumlisha zote na kugawa, wanaharibu. Lakini hata ukikokotoa vizuri, hakuna swali hata moja linalouliza kama unaamini Mungu yupo. MEQ30 inapima tukio tu. Imani itafutie swali lake.

Jaribio la Ijumaa Kuu la 1962 kule Boston, ambapo watu walipewa silosibini kwenye ibada, liache kwenye utangulizi. Washiriki 20 wote walikuwa wanafunzi wa theolojia, kumi walipewa silosibini, kumi niasini (vitamini, ya kulinganishia), na haikuchukua muda kila mtu akajua nani kameza nini. Ufuatiliaji wa 1991 ukafichua kwamba mmoja alichomwa sindano ya kumtuliza na ripoti ya awali haikusema.

Halafu mzee, unakusanya majibu kwenye grupu la WhatsApp? Silosibini na LSD ziko kwenye jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali zaidi, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa kama hizi, na hapa tuna sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Mtu aandike "mimi nilitumia" huku namba yake ya simu inaonekana na watu 200? Kamati ya maadili ya utafiti itakurudishia pendekezo lako hata kabla ya chai ya saa nne. Badala ya dodoso, fanya mapitio ya tafiti zilizokwisha chapishwa, ukipanga tafiti kwa kigezo kimoja: nani alipima imani kabla, nani aliuliza baadaye. Mapitio hayo yanatosha tasnifu.

Programu ya takwimu, ukubwa wa sampuli na iboga wengine watakujibu. Ukishaandika upya pendekezo lako, weka hapa tulikague.