Gololi Inang'aa, Bolti Zimelegea

Kazi yangu ni kukodisha viti, maturubai na jenereta hapa Tanga, na karibu kila mwisho wa wiki Hilux yangu inavuta tela kwenda kwenye harusi au msiba wa mtu. Kile chuma cha nyuma kinachoshika tela, kijana ninayefanya naye kazi hukiita "toba", kwa sababu jina la Kizungu, "tow bar", likipita mdomoni mwake ndivyo linavyotoka. Nimeliacha hivyo hivyo. Linafaa.

Kwa miaka mingi nilidhani kuitunza toba ni kuipaka grisi ile gololi ya juu inayokaliwa na tela. Na gololi yangu iling'aa kweli. Siku moja tunaenda Pangani, kila gurudumu likiingia shimoni nasikia nyuma "ko!" Nikasema ni viti. Mbele kidogo sauti ikawa mbili: moja nikikanyaga mafuta, nyingine nikipunguza mwendo. Viti havina tabia hiyo. Nikasimama. Kijana akashuka, akaishika gololi kwa mikono miwili akaitikisa, na toba nzima ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kati ya bolti nne zinazoishika kwenye chasisi, moja haikuwepo. Mbili nilizizungusha kwa vidole. Ya nne ndiyo iliyokuwa ikivuta harusi ya watu.

Aliyeifunga alikuwa fundi hodari tu, lakini alifunga chuma juu ya rangi nene. Rangi ikibanwa na kutikiswa husagika kidogo kidogo, nafasi inapatikana, na bolti iliyokuwa imekaza inabaki haina cha kukaza. Juu ya hapo bolti zenyewe hazikuwa na alama yoyote kichwani. Bolti ya kazi hii huwa imeandikwa namba ya uimara wake, 8.8 au 10.9, kutegemea toba yako inataka ipi. Isiyoandikwa kitu waachie wanaofunga mageti.

Siku hizi nafanya hivi. Sehemu mbili za chuma zinapokutana nakwangua rangi nene mpaka chuma kionekane, napaka prima nyembamba ya kuzuia kutu, nafunga kwa nati mpya zenye pete ya plastiki ndani. Nakaza kwa spana ya kupimia nguvu, ile inayolia "tak" ikifika kiasi, na kiasi chenyewe ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa toba. Nguvu za kuning'inia kwenye bomba si kipimo. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza za kuvuta nakaza tena, maana chuma kipya hukaa sawa kikishafanya kazi. Kisha nachukua rangi nyeupe na kupiga mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Ijumaa jioni kijana analala chini ya gari na tochi, anaitazama mistari yote, kazi ya dakika moja. Hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho kilichowahi kunipa usingizi.

Sasa gololi yenyewe. Nyingi za huku ni za milimita 50, lakini ziko za inchi mbili, yaani 50.8, na ukizitazama kwa macho ni mapacha. Niliwahi kununua ya inchi mbili bila kujua. Kikombe cha tela, kile kinachoifunika gololi, kikawa hakikai mpaka ukigonge na nyundo, nami nikawa nagonga! Tafuta namba iliyochongwa juu ya gololi na ile ya kwenye kikombe, zifanane. Ya milimita 50 ikilika ikafika 49, itupe. Ipime pande zote, kwa sababu huliwa zaidi mbele na nyuma, ambako mvuto uko, na ubavuni ikabaki nzima ikakudanganya. Na usikubali kamwe shingo yake ichomelewe.

Grisi ni kidogo, na ifutwe. Grisi ikilala na vumbi la barabara zetu inageuka msasa. Mimi naifuta kwa tambara kila nikifungua tela, naweka mpya kiasi cha ncha ya kidole, kisha nafunika kwa mpira wa tenisi uliopasuliwa. Ila kama kikombe chako ni kile chenye pedi za kubana gololi ili tela lisiyumbe, grisi ni marufuku kabisa. Pedi zile zinafanya kazi kwa msuguano, ukizipaka umeziua.

Kikombe kikifungwa usiamini mlio wake. Ukiwa umekwishafunga, zungusha kijiti cha jeki ya mbele ya tela kana kwamba unataka kulinyanyua. Nyuma ya pikapu ikipanda pamoja nalo, kimeshika. Kikombe kikichomoka, shukuru kwamba kimechomoka uwanjani kwako. Baada ya hapo pitisha pini kwenye tundu la kifungio. Cheni za usalama zipishane chini ya shingo ya tela kama herufi X, zilidake lisichimbe lami likiachia. Ziwe na urefu wa kukata kona bila kuburuzika.

Taa zilinisumbua kuliko chuma. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zinapepesa hafifu kama mshumaa kwenye upepo. Nikikanyaga breki, za nyuma zinafifia. Nilibadilisha balbu, nikabadilisha tena. Kumbe ni arthi, yaani waya wa kurudisha umeme. Kwenye plagi ya pini 7 inayotumika sana huku, arthi ni pini namba 3, waya mweupe, na yangu ilikuwa imeota kutu ya kijani. Umeme ukikosa njia ya kurudi hupitia kwenye taa nyingine, ndiyo maana kila kitu kinapepesa. Msasa laini, vaselini kidogo, kwisha. Kifuniko cha plagi kifungwe kila mara, hasa sisi tunaoishi na upepo wa bahari.

Na bahari hiyo hiyo ndiyo adui wa chuma chote. Nikitoka ufukweni namwagia maji yasiyo na chumvi chini ya gari kabla chumvi haijakauka. Kila miezi kadhaa nagonga toba kwa nyundo ndogo toka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinajibu kama debe. Penye debe brashi ya waya ipite, na kama kimeliwa hadi kimekonda, rangi isikufariji, badilisha.

Uzito nao. Shingo ya tela iikalie gololi kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Mimi nimepima kwenye mizani ya duka la mahindi, na jibu lilinifanya niisogeze jenereta mbele ya ekseli. Ilipokuwa nyuma, tela lilikuwa linacheza kama mkia wa mbwa kila nikifika 80.

Mwisho, kama shingo ya gololi yako ni ya kuchomoa, ichomoe tela likikaa nyumbani. Muundi wangu wa kulia una makovu mawili, yote ya usiku umeme ulipokatika, na mama watoto ana lake. Lake ndilo lililonifanya niichomoe.