"Nimefanya kuhamisha komiti"

SWALI: Mimi ni mwandishi wa programu. Mara nyingine tawi moja la msimbo (mkondo wa kazi unaoendelezwa kando) huwa na marekebisho yanayohitajika kwenye tawi jingine, ila si yote, ni komiti moja tu, yaani badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo. Nikishamaliza huwaandikia wenzangu: "Nimefanya kuhamisha komiti ile kwenda tawi la toleo." Mwenzangu anashikilia kwamba niseme "nimechuma". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hata mmoja. Lakini kabla sijafika kwa mwenzako, kuna neno umelipitisha mlangoni kimyakimya ukidhani sitaliona. "Nimefanya kuhamisha." Tangu lini hamisha likaugua hata lishikwe mkono na fanya?

Maradhi haya yameenea. Kila siku skrini inaniamuru "fanya kuhifadhi faili", kana kwamba "hifadhi faili" ni tusi. Tukienda hivi, mtoto atafanya kulia, mama atafanya kumbembeleza, na usiku wote wawili watafanya kulala.

Najua utanikumbusha kufanya kazi na kupiga picha. Sawa. Kazi na picha ni majina, hayana miguu, lazima yabebwe. Kitenzi kina miguu yake, na Kiswahili kimekipa na viatu. Tazama nakili. (Limetoka Kiarabu, ambako naqala ni kuhamisha na pia kunakili, sisi tukabaki na hiyo ya pili.) Komiti imenakiliwa. Haijanakiliwa. Hainakiliki, kuna mgongano wa mabadiliko. Ninakilie na mimi. Kumbe tumenakiliana zilezile! Mnyambuliko mmoja tu, na msomaji amejua nani kamtendea nani nini. Sasa mlete fanya: "Komiti haijafanyiwa kunakiliwa." "Nifanyie kunakili kwa ajili yangu." "Komiti haiwezi kufanyika kunakilika." Hiyo ya mwisho nimeitunga mwenyewe, na mkono bado unaniuma.

Kama ni mkazo mnautafuta, lugha ilishawawekea: "Kunakili nimenakili, lakini majaribio yamegoma." Fanya hayumo, na hakuna aliyemuulizia.

Nitasema jambo litakalowaudhi wazee wenzangu. Kijana akiniambia "nimepusha", yaani ametuma msimbo wake kwenye hifadhi ya pamoja (kwa Kiingereza push), nakunja uso, halafu nanyamaza. Neno ni la kuokota, lakini limekubali kufanya kazi: imepushwa, nipushie, haipushiki. Afadhali huyo mara kumi kuliko mwenye "nimefanya kusukuma", aliyekwenda kutafuta neno safi la Kiswahili kisha akalifunga kamba miguuni.

Haya, swali lako. Hamisha halifai, kwa sababu aliyehama hayupo alikotoka. Ukimwambia mwenzako umeihamisha komiti, ana haki ya kwenda kwenye tawi la zamani akitarajia pengo. Ataikuta imekaa palepale. Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huitazama komiti uliyoitaja, huilinganisha na mzazi wake, yaani komiti iliyoitangulia, huchukua ile tofauti na kuipachika juu ya tawi ulilosimama. Kisha huandika komiti mpya, yenye mzazi mwingine na kwa hiyo utambulisho mwingine. Ya zamani haikuguswa. Ndiyo maana matawi hayo yakija kuunganishwa, historia itakuonyesha badiliko lilelile mara mbili, na asiyejua atadhani kuna mtu alikuwa anasinzia.

Chuma lina kasoro ileile, isipokuwa mwenzako anaweza kujitetea: amefuata jina la amri yenyewe, ambalo kwa Kiingereza ni cherry-pick, kuchuma cheri. Ni kweli. Ila tunda likichumwa, tawi linabaki tupu, na hapa tawi linabaki na tunda lake. Jina liliteleza huko huko lilikozaliwa. Sisi hatulazimiki kuanguka nalo.

Nakili lingetosha, ila halisemi kwamba umeteua. Mtu anaweza kunakili hifadhi nzima ya msimbo. Neno lako ni dondoa. Hudondolewa punje, moja moja, kwa kuchagua. Na hudondolewa maneno ya kitabu, ambacho hakipungukiwi hata herufi. Ukiongeza -x kwenye amri, Git huandika chini ya ujumbe utambulisho wa komiti ya asili, kama mwandishi muungwana anayetaja alikodondoa. Sijui ungetaka neno gani tena zaidi ya hilo.

Kwa hiyo waandikie: "Nimeidondoa komiti ile kwenye tawi la majaribio, nimeiweka kwenye tawi la toleo." Mgongano ukitokea: "Haidondoleki." Na ukiniandikia tena kwamba umefanya kudondoa, sitajibu.