Kijani Kikigeuka Zambarau: LomoChrome Purple ndani ya Kamera ya Mfukoni

Ukipiga shamba la migomba kwa filamu ya LomoChrome Purple, majani yanatoka zambarau, udongo mwekundu unabaki mwekundu, na bluu ya anga inaelekea kijani cha bahari. Hakuna kichujio kwenye lenzi wala programu ya simu. Rangi zinageuzwa ndani ya filamu yenyewe. Hata hivyo, wengi wanaoibeba safarini kwa mara ya kwanza hurudi na picha 36 zenye rangi ya kahawia iliyochoka, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili: filamu haikupata mwanga wa kutosha, au aliyeskani negativu "alisahihisha" rangi akidhani zimeharibika.

Filamu hii hutengenezwa na Lomography, kampuni yenye makao yake Vienna, Austria, na ilianza kuuzwa mwaka 2013. Iliiga sura ya Kodak Aerochrome, filamu ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) iliyobuniwa kwa upigaji picha wa angani na ambayo haitengenezwi tena. Aerochrome ndiyo aliyoitumia mpiga picha wa Ireland Richard Mosse huko Kivu, mashariki mwa Kongo, na vilima vya waridi kutoka huko vikaiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013. Ukiziona picha zile ndipo utakapoelewa watu wanatafuta nini kwenye Purple. Ila filamu hizi mbili hazifanyi kazi kwa namna moja, na tofauti yake inabadilisha kabisa namna ya kuchagua cha kupiga.

Aerochrome iliona mwanga wa infraredi ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Mti hai ulitoka mwekundu au waridi, na ukuta uliopakwa rangi ya kijani haukugeuka hivyo. Ilihitaji pia kichujio cha njano. Purple haina habari na infraredi. Inaangalia rangi tu: chochote cha kijani, kiwe jani, mlango, bajaji au kitambaa, kinakwenda zambarau. Kijani chenye njano ndani yake, kama jani changa la mgomba au mpunga, hutoka na wekundu wa kizambarau. Kijani kizito cha mwembe hutoka zambarau ya giza inayokaribia bluu. Njano yenyewe huelekea waridi. Nyekundu hubaki nyekundu, nyeupe hubaki nyeupe. Kwa mfano ulio rahisi kukumbuka: ukipiga uwanjani siku ya mechi ya watani, jezi ya kijani ya Yanga itageuka zambarau na nyekundu ya Simba haitaguswa.

Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, jiulize unakokwenda kuna kijani kiasi gani. Mashamba ya chai ya Usambara, Mufindi, Kericho au Limuru ni mahali pake hasa: kijani kilichojaa fremu nzima, na njia ya udongo mwekundu katikati ambayo haigeuki. Migomba ya Bukoba na ya miteremko ya Kilimanjaro vilevile. Mkonge wa Korogwe una kijani chenye kijivu, kwa hiyo zambarau yake hufifia. Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na uzuri wake wote, ni kuta za chokaa na mbao za kahawia. Huko Purple haina cha kugeuza, na filamu ya kawaida kama Kodak Gold 200 itakutendea haki zaidi. Kwa safari ya wiki moja ningebeba roli tatu za Purple na mbili za kawaida, si tano za Purple. Majira nayo yana uzito. Juni, masika yakiisha, nyika bado ni kijani. Septemba nyasi zimekauka zikawa njano, na utapata waridi lililopauka badala ya zambarau.

Sasa mwanga, na hapa ndipo pa kukaa.

Boksi limeandikwa ISO 100–400. ISO ni namba inayoiambia kamera filamu inahitaji mwanga kiasi gani: namba ikiwa ndogo, mwanga huwa mwingi. Maana yake si kwamba namba zote zinatoa picha ileile. Ukiiweka kamera ISO 400, filamu inapata mwanga mdogo kuliko namba nyingine za boksi: zambarau inakuwa nzito, vivuli vinafunga, na chembe zinaonekana. ISO 200 inaipa mwanga mara mbili ya huo, na kwa safari nyingi hiyo ndiyo namba ya kuanzia. ISO 100 inaipa mara nne: zambarau inakuwa nyepesi, picha inang'aa, vivuli vinafunguka. Filamu za negativu huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Ukizidisha stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) unapata picha laini. Ukiipa stopu moja pungufu ya mwanga wa ISO 400, kijani kilichokuwa kivulini kinageuka tope. Ndiyo maana picha za msituni, chini ya miti, huwavunja watu moyo. Huko weka 100 bila kusita.

Tatizo la kamera nyingi ndogo ni kwamba hazikuruhusu kuchagua ISO. Zinasoma miraba ya fedha na nyeusi iliyo ubavuni mwa kopo la filamu, iitwayo msimbo wa DX, na kujipanga zenyewe. Olympus mju II ni mojawapo: ikisoma 400, itapiga 400. Njia ya kuizunguka ni rahisi. Mju II isiposoma msimbo wowote huchukulia kuwa filamu ni ISO 100. Kata kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme, funika miraba yote ya fedha, lainisha kingo kwa ukucha zisije zikakwama, kisha pakia filamu kama kawaida. Safu moja ya tepu inatosha. Ukiweka mbili, kopo linaweza kubana ndani ya chumba chake. Umebaki na 100 kwa roli nzima, jambo ambalo kwa filamu hii ni zuri. Kumbuka tu kuzima flashi kila unapofungua kifuniko, kwa sababu kamera hiyo hurudi kwenye flashi ya kujiwasha kila inapofungwa.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kamera, chukua yenye ISO ya kupanga kwa mkono. Olympus XA2 ina wenzo mdogo unaokwenda kuanzia 25 hadi 800, na Lomo LC-A+ inaanzia 100 hadi 1600. Hapo unaweza kubadili fremu kwa fremu: 200 juani, 100 kivulini, 400 ukitaka zambarau nzito dhidi ya anga. Hakuna madhara yoyote kwa kuchanganya, na fundi hahitaji kuambiwa kitu, kwani zote zinasafishwa kwa muda uleule. XA2 haina fokasi ya kujipanga. Ina alama tatu, na ukifunga kifuniko inarudi kwenye ya katikati. Kwa mandhari sogeza kwenye mlima kila mara. Taa ndogo ya kijani ikiwaka kwenye kitafutio (kidirisha cha kuchungulia), shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, imekuwa ya polepole: egemea ukuta au mti, au bonyeza ukiwa umebana viwiko mbavuni.

XA2 zote zimezeeka, kwa hiyo fungua mgongo wa kamera na uguse sponji nyeusi kwenye mifereji. Ikinata kidoleni kama lami, mwanga utavuja na utaona michirizi kwenye picha, mingi zaidi ukiwa umebeba kamera shingoni juani. Ng'oa sponji, safisha mfereji kwa spiriti na kijiti cha meno, weka uzi mweusi wa sufu. Betri ni mbili ndogo. SR44 hushika volti yake vizuri kuliko LR44. Beba jozi ya akiba, maana bila betri kamera hii haipigi.

Saa za kupiga: saa 2 hadi saa 4 asubuhi, na saa 9 hadi saa 11 jioni. Jua la mchana wa saa 6 hugonga majani yenye nta, kama ya chai na minazi, yakang'aa meupe, na kilicho cheupe hakigeuki zambarau. Simama jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Kuna tofauti moja nzuri: jani la mgomba likimulikwa kutoka nyuma, mwanga ukapenya, hutoa rangi kali kuliko zote, lakini kamera itadanganywa na anga iliyo nyuma, kwa hiyo shusha ISO stopu moja. Siku ya mawingu mazito rangi hupoa na kufifia; 100 tena.

Watu wanahitaji uangalifu wa namna yake. Ngozi kwenye Purple hubaki karibu na asili, ila mwanga ukipungua hushika ukijani usiopendeza, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza kwa sababu kipimo cha kamera kinaangalia fremu nzima, si uso. Mtu mweusi mbele ya bahari inayong'aa au ukuta mweupe, kwa ISO 200, atatoka kivuli. Weka 100, mgeuze kidogo uso uelekee mwanga, sogea karibu (lakini si chini ya mita 1.2 kwa XA2). Nguo nyekundu ndiyo zawadi ya filamu hii: kanga nyekundu au shuka la Mmasai mbele ya majani mabichi hutoka kama moto katikati ya zambarau. Omba ruhusa kwanza, na usisubiri uwe umeshainua kamera ndipo uombe.

LomoChrome Turquoise, nduguye, hufanya kinyume: rangi za moto huenda bluu na feruzi, anga ya bluu huwa ya chungwa au dhahabu. Ngozi hutoka bluu. Kwa fukwe na majengo inavutia sana; kwa picha za jamaa zako, hapana.

Njiani, adui ni mashine za ukaguzi na joto. Filamu isiingie kamwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu eksirei ya huko ni kali na huacha ukungu usiotoka. Mashine ya kawaida ya begi la mkononi haina madhara makubwa kwa filamu ya ISO 400 ikipita mara chache, lakini hesabu vizuri: katika viwanja vyetu vingi mzigo hupitishwa mlangoni mwa jengo, kisha tena kabla ya chumba cha kusubiri. Safari yenye ndege tatu ni mara sita. Mashine mpya za CT, zinazofanana na bomba kubwa na ambazo kwa kawaida hazihitaji utoe kompyuta begini, zinaharibu hata kwa mara moja. Omba ukaguzi wa mkono. Toa roli kwenye maboksi, ziweke kwenye chombo cha chakula cha plastiki kinachoonyesha ndani, na mpe afisa mkononi ukisema kwa upole: "Naomba hizi zikaguliwe kwa mkono, ni filamu za kamera, mashine inaziharibu." Fika mapema, anayeomba akiwa anakimbilia ndege hukataliwa. Kamera yenye filamu ndani nayo ipitie mkononi.

Joto la gari lililoegeshwa juani huharibu rangi kabla hata hujapiga, na filamu hii, ambayo kazi yake yote ni rangi, huonyesha madhara haraka. Ifunge ndani ya nguo katikati ya begi. Hotelini iweke kwenye friji ikiwa ndani ya kikopo chake kilichofungwa, na ukiitoa subiri saa nzima bila kukifungua. Hewa ya pwani ina unyevu, na filamu baridi ikikutana nayo hutoka jasho.

Ukitaka kubadili filamu katikati ya roli kwenye XA2, andika namba ya fremu kwenye kopo, rudisha filamu polepole ukisikiliza, na simama pale kipini kinapolegea ghafla. Ulimi utabaki nje. Ukiirudishia, funika lenzi kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa, piga hadi upite namba uliyoandika kwa fremu mbili, kisha endelea.

Isafishwe mapema baada ya safari, si baada ya miezi. Mchakato ni C-41, ule wa kawaida wa negativu za rangi: dawa ya kwanza kwa nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15. Fundi asiifikirie kuwa filamu ya ajabu. Muulize jambo moja tu: husafisha roli ngapi kwa wiki? Dawa iliyokaa bila kazi hufa taratibu, na duka linalosafisha roli mbili kwa mwezi litakurudishia rangi zilizooza, hata kama bei ni nzuri. Heri kusubiri na kupeleka kwenye mji mkubwa.

Kisha skani. Skana za maduka hutafuta rangi "sahihi" zenyewe. Zikiona fremu imejaa zambarau huivuta kuelekea kijani hadi majani yawe kijivu. Andika kwenye bahasha kwa herufi kubwa: LOMOCHROME PURPLE, USISAHIHISHE RANGI. Omba faili za TIFF (zisizopoteza ubora wa picha) kama wanatoa, na dai negativu zako zirudi, kwa sababu skani mbaya inaweza kurudiwa. Ukiskani mwenyewe kwa kamera ya dijitali, chagua fremu moja yenye kitu cheupe au cha kijivu, ukuta wa chokaa au barabara ya lami, panga rangi kwa hiyo, kisha tumia mpangilio huohuo kwa roli nzima. Ukiacha programu ijipange kila fremu, mti mmoja utatoka zambarau asubuhi na kahawia dakika tano baadaye, na utailaumu filamu bure.